Historia ya Karafuu: Dawa ya Jino na Bei Yake

Katika jikoni nyingi za inchi yetu, tangu Kisangani mpaka Bukavu, tangu Kindu mpaka Lubumbashi, utakuta kitu kidogo cheusi chenye kichwa na shina, sawa na musumari mudogo. Ndiyo karafuu. Wamama wanaitia katika pilau, ao katika chai pamoja na tangawisi na mudalasini. Tena mutu akiumwa jino usiku, wakati dispanseri imefungwa, wazee wanamupa karafuu moja na kumuambia: «Iweke juu ya jino, uume polepole, usimeze.»

Watu wanahukumu dawa hiyo kwa namna mbili. Wamoja, zaidi wale waliosoma, wanasema: «Ni maneno ya wazee tu, hayana maana.» Wengine wanasema: «Karafuu inaponya kila ugonjwa, tumbo, homa, moyo, damu, hospitali ya nini?» Sisi tunaona kwamba wote wawili wamehukumu bila kuuliza. Lakini padri na katekista sherti waulize, kwani mara nyingi mugonjwa anafika kwao kwanza, mbele ya kufika kwa munganga. Basi tutazame historia ya dawa hii: namna watu walivyoijua, namna ilivyouzwa kwa damu, hata damu ya watu wa kwetu, na namna elimu ya siku hizi inavyoipima.

I. Kitu chenyewe na kwao kwake

Karafuu si mbegu, wala si tunda. Ni ua ambalo halijafunguka. Muti wake una majani mabichi mwaka muzima, na unangoja karibu miaka 6 ao 7 kabla ya kutoa mavuno. Kisha unaweza kuzaa muda murefu sana. Watu wanachuma maua kwa mukono yakianza kuwa mekundu, wanayatenga na vikonyo, wanayaanika juani siku kadhaa mpaka yawe meusi. Ua likifunguka juu ya muti, bei yake imepotea.

Jina tunalolitumia limetoka kwa Waarabu, wanaosema «qaranful». Wafaransa wanasema «clou de girofle», na «clou» ni musumari. Hivi mataifa mengi yaliona neno moja tu: umbo la musumari.

Kwao kwa muti huu si Afrika, wala si Uarabuni, wala si India. Kwao ni visiwa vidogo vitano vya Maluku, upande wa mashariki wa inchi inayoitwa leo Indonesia: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Zamani za kale haukuota fasi nyingine yo yote ya dunia. Karafuu zote zilizonukia katika nyumba za wafalme wa China, katika maduka ya dawa ya Bagdad na katika nyumba za wagonjwa za watawa wa Ulaya, zilitoka katika visiwa vile.

II. Namna watu walivyoijua kuwa dawa

Habari moja ya zamani kabisa inatoka China. Vitabu vyao vinasimulia kwamba wakati wa ukoo wa Han wakubwa wa serikali walitia karafuu kinywani walipokwenda kusema na mufalme, pumzi yao isinuke vibaya mbele yake. Angalieni vizuri: tangu mwanzo karafuu ni kitu cha kinywa. Mutu anayeiweka kinywani anasikia mara moja namna ulimi na ufizi unavyokufa ganzi. Hapana lazima ya shule kwa kujua neno hilo. Ulimi wenyewe unafundisha. Sisi tunawaza kwamba dawa ya jino ilijulikana hivi, kwa watu wadogo wenye maumivu, si kwa wenye vitabu.

Kidogo kidogo karafuu ikasafiri. Katika karne ya 6, Cosmas, mufanyabiashara Mukristu wa Alexandria katika Misri, aliandika kwamba karafuu zinafika katika kisiwa cha Taprobane, maana yake Sri Lanka, kutoka inchi za mbali zaidi za mashariki.  Katika kisiwa hicho hicho, kwenye bandari ya zamani ya Mantai, wachimbaji wa siku zetu walikuta karafuu moja yenye umri wa miaka karibu elfu moja. Kutoka pale wachuuzi walizipeleka Uarabuni na Misri, na kutoka Misri Waveneti walizipeleka Ulaya.

Wataalamu wa zamani waliipokea na kuitia katika mafundisho yao. Wayunani walikuwa wamefundisha kwamba mwili una maji ya namna nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Ugonjwa ni kuzidi ao kupunguka kwa mojawapo. Kila chakula na kila dawa ina moto ao baridi, ni kavu ao ya maji. Karafuu ikawekwa kati ya vitu vya moto na vikavu. Kwa hiyo walimupa mutu mwenye tumbo la baridi, mwenye kohozi nyingi, mwenye kutapika. Ibn Sina, munganga mukubwa wa Uajemi aliyekufa mwaka 1037, aliisifu kwamba inatia pumzi harufu nzuri na kutegemeza tumbo na maini.

Elimu hiyo iliingia Ulaya kwa mukono wa Mwafrika. Konstantino, aliyeitwa kwa sababu hiyo «Mwafrika», alizaliwa upande wa Tunisia, akawa mutawa wa Mutakatifu Benedikto kule Monte Cassino, na kabla ya kufa kwake, mwishoni mwa karne ya 11, akageuza vitabu vingi vya wanganga wa Waarabu katika Kilatini. Nyumba za watawa zilikuwa na chumba cha wagonjwa, shamba la dawa, na sanduku la viungo vilivyotoka mbali.

Mutakatifu Hildegarde wa Bingen (1098–1179), ambaye Papa Benedikto XVI alimutangaza Mwalimu wa Eklezia mwaka 2012, aliandika juu ya karafuu katika kitabu chake cha dawa. Alisema ina moto mwingi. Mutu anayeumwa kichwa mpaka masikio yanamuvuma, aile mara kwa mara. Na Wakarmeli wa Paris, tangu mwanzo wa karne ya 17, walitengeneza maji yao ya dawa, yenye jani la melisa pamoja na karafuu, mudalasini na viungo vingine, kwa kutuliza tumbo na kizunguzungu.

Tauni kubwa ilipofika Ulaya mwaka 1347, wanganga waliwaza kwamba ugonjwa unatoka katika hewa mbaya. Basi matajiri walibeba shingoni ao mukononi kifuko cha manukato, mara nyingi na karafuu ndani, wakanusa. Lakini tauni haikuletwa na harufu. Ililetwa na kijidudu kinachokaa katika viroboto na panya. Karafuu iliyo dawa ya kweli kwa jino haikuwa kitu kwa tauni. Wakubwa waliofundisha hivi walikuwa na akili nyingi na nia njema; lakini walivuta sifa ya dawa kutoka fasi ilipojulikana mpaka fasi isiyojulikana. Kosa hilo lingali linafanywa na watu leo.

III. Dawa inageuka mali

Kitu kinachotafutwa na wagonjwa wote wa dunia, na kinaota katika visiwa vitano tu, kinaleta tamaa. Mwaka 1511 Waportugezi waliteka Malaka. Mwaka uliofwata walifika Maluku. Merikebu moja ya safari ya Magellan, jina lake Victoria, ilirudi Hispania mwezi wa Septemba 1522, kisha kuzunguka dunia nzima. Watu 18 tu walishuka. Magellan mwenyewe na wengi wa wenzake walikuwa wamekufa ao wamebaki njiani. Lakini merikebu ilijaa karafuu.

Mutakatifu Fransisko Xaveri alifika katika visiwa hivyo mwaka 1546, akakaa huko mpaka 1547, Ambon, Ternate na visiwa vya Moro. Wachuuzi walikwenda Maluku juu ya karafuu. Yeye alikwenda juu ya watu. Tofauti hiyo inatosha kueleza maisha yake.

Nyuma ya Waportugezi walikuja Waholandi. Kampani yao ya India ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602, iliteka Ambon mwaka 1605. Walitaka bei ibaki juu. Njia yao ilikuwa nyepesi na mbaya: waliamua miti ya karafuu iote katika Ambon na visiwa vya karibu tu, chini ya macho yao. Mwaka 1652 walimushurutisha mufalme wa Ternate kukubali miti ya fasi nyingine ikatwe. Kila mara mitumbwi ya vita ilizunguka visiwa, watu wakakata na kuchoma miti, na wenye miti waliokataa waliona vita. Inasimuliwa kwamba katika inchi ile wazazi walipanda muti wa karafuu siku mutoto alipozaliwa. Wapenzi wasomaji, wazeni sasa maana ya kuukata. Waliozaliwa chini ya muti wa dawa wakawa maskini kwa sababu ya muti ule.

IV. Kutoka mikononi mwa Waholandi mpaka Unguja

Mutu aliyevunja kifungo hicho alikuwa zamani museminari. Pierre Poivre alizaliwa Lyon mwaka 1719, akaingia katika shirika la Misioni za Inchi za Nje la Paris, akatumwa upande wa China kabla ya kupata upadri. Mwaka 1745 merikebu yake ilipigwa na Waingereza, akapoteza mukono wa kuume, na njia ya altare ikafungwa kwake. Wakampeleka Batavia, muji wa Waholandi, na pale akaona namna biashara ya viungo ilivyolindwa. Hakusahau. Baadaye, alipokuwa mukubwa wa serikali ya Ufaransa katika Île de France, kisiwa kinachoitwa leo Maurice, aliwatuma watu wake kuleta miche kwa siri. Mwaka 1770 miche ya karafuu ilifika. Kutoka Maurice na Bourbon, ndiyo Réunion ya leo, muti ukavuka mpaka Unguja mwanzoni mwa karne ya 19.

Hapa historia inakaribia mulango wetu. Sayyid Said, sultani wa Maskati, alihamisha makao yake Unguja karibu na mwaka 1840, na kabla yake na baadaye aliwahimiza wenye mashamba kupanda karafuu. Katikati ya karne ile Unguja na Pemba zilipita inchi zote za dunia kwa karafuu. Lakini kazi ya karafuu inataka mikono mingi sana: kulima, kupanda miti, kuchuma ua moja moja, kutenga, kuanika. Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa.

Walio wengi walitoka upande wa ziwa Nyassa na kupitia Kilwa. Lakini wengine walitoka kwetu. Wachuuzi waliovuka Tanganyika na kufika Nyangwe na Kasongo walitafuta pembe za tembo kwanza, na pamoja na pembe walichukua watu. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake Nyangwe namna watu wa wachuuzi walivyopiga bunduki katika soko lililojaa wanamuke, na wengi wakazama katika muto Lualaba. Jina «Wamanyema» lilijulikana Unguja kuwa jina la kabila moja la watumwa na watoto wao. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, ambaye Leopold II alimuweka liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, alirudi Unguja, akakaa kama tajiri mwenye mashamba mpaka kufa kwake mwaka 1905.

Tuongeze neno moja ambalo tunalisahau upesi. Kiswahili hiki tunachokiandika katika kurasa hizi kilifika Manyema na misafara ile ile. Lugha tunayoitumia leo kwa kusali, kufundisha na kufariji wagonjwa ilipita njia ya pembe na ya minyororo. Hatuikatai kwa sababu hiyo. Lakini ni vizuri tujue ilikopita.

Njia hiyo hiyo ilipitiwa na wengine, walioshika mwelekeo mwingine. Mwisho wa mwaka 1860 Padri Armand Fava, pamoja na mapadri wenzake na masista, alitoka Réunion, akafika Unguja. Kati ya kazi zao za kwanza ilikuwa hospitali. Hivi kisiwa kilichopitiwa na karafuu kilitoa pia watu wa kuuguza maskini. Mapadri wa Roho Mutakatifu wakaendesha kazi hiyo, na mwaka 1868 wakafungua Bagamoyo, fasi ya watumwa waliokombolewa. Mwaka 1878 musafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulianza safari pale kuelekea maziwa makubwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ukaondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mwaka 1897 tu. Muda wa miaka 24, soko limefungwa, lakini wachumaji walikuwa wangali watumwa.

V. Elimu ya leo inasema nini?

Wataalamu wakichemsha karafuu wanapata mafuta mengi, hata sehemu 15 kwa 100 ya uzito wake na kupita. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kimoja kinachoitwa eujenoli. Eujenoli inanyamazisha mishipa inayopeleka habari ya maumivu, na inaua vijidudu vingi. Tangu mwisho wa karne ya 19 wanganga wa meno wanaichanganya na unga wa zinki, wanapata udongo laini wa kuziba jino lililotobolewa. Harufu inayojulikana katika chumba cha munganga wa meno mara nyingi ni harufu ya karafuu tu. Basi yule aliyemucheka nkambo wake kwa karafuu, akakimbilia hospitali, pengine alitiwa dawa ile ile katika jino.

Mwaka 2006 walimu wa chuo kikuu cha Kuwait waliandika juu ya jaribio walilofanya kwa watu 73. Walipaka ndani ya vinywa vyao dawa ya karafuu, ao dawa ya ganzi ya wanganga wa meno inayoitwa benzokaini, ao kitu kisicho na dawa. Kisha wakachoma kwa sindano na kuuliza maumivu. Karafuu na benzokaini zilipunguza maumivu kwa kiasi kimoja. Kitu kisicho na dawa hakikufikia hapo. Kwa neno la jino, basi, wazee walisema kweli.

Lakini tusiongeze. Karafuu inanyamazisha maumivu. Haiponyi jino lililooza. Shimo linabaki, na vijidudu vinaendelea kushuka. Mutu akivimba shavu, akipata homa, akishindwa kufungua kinywa ao kumeza, ugonjwa umetoka katika jino na kuingia katika mwili, unaweza kumuua. Hapo karafuu inakuwa hatari, si kwa ubaya wake, lakini kwa sababu inamudanganya mugonjwa angoje. Mutu wa namna hiyo sherti aende hospitali siku ile ile.

Tena karafuu nzima na mafuta ya karafuu si kitu kimoja. Punje moja katika kinywa cha mutu mukubwa haina hatari. Mafuta yake yanachoma ufizi yakitiwa bila kuchanganywa, na mutoto akiyanywa ni sumu. Wanganga wameandika habari za mutoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 mpaka 10, maana yake kijiko kimoja ao viwili vya chai: alipoteza fahamu, na maini yake yakaharibika, akapona kwa kazi kubwa ya hospitali. Chupa hiyo ikae mbali na watoto.

Kwa tumbo linalojaa hewa, maji ya moto yenye karafuu yanaweza kumutuliza mutu kidogo, hatusemi zaidi. Kwa malaria, kwa sukari katika damu, kwa kansa, mutu asiache dawa za munganga juu ya karafuu, hata kama muuzaji wa sokoni anasifu namna gani. Mufano wa Indonesia unatosha. Inasimuliwa kule kwamba mutu mumoja wa muji wa Kudus, Haji Jamhari, katika karne ya 19, alipaka mafuta ya karafuu kifuani juu ya ugonjwa wa pumzi, akaona nafuu, kisha akawaza kuvuta karafuu pamoja na tumbako ili dawa ifike ndani. Ikauzwa kama dawa. Leo karafuu nyingi za Indonesia zinachomwa katika sigara, na sigara hizo zinaua mapafu.

VI. Mafundisho kwa wachungaji

Tukusanye sasa. Zamani walimu wamoja wa dini waliweka majani ya wazee na uchawi katika kapu moja, wakatupa vyote. Walikosa, maana dawa ya jino si pepo. Ni nguvu ambayo Muumba aliitia katika ua. Leo wengine wanafanya kinyume: kila kitu cha wazee ni dawa, tena dawa ya yote. Wao wanakosa vilevile, kama wale waliobeba kifuko cha karafuu mbele ya tauni.

Padri ao katekista akiulizwa juu ya dawa ya kienyeji, aulize maneno matatu. La kwanza: dawa hii imejulikana kwa ugonjwa gani, na ni nani aliyeipima? La pili: kiasi gani, na kwa mutu wa umri gani? La tatu: ni alama gani inayosema sasa tuache, twende hospitali? Mwenye dawa ya kweli hatakasirika kwa maulizo hayo. Mudanganyifu atakasirika.

Kwa kazi hiyo tunao mufano mukubwa katika eneo letu la ziwa. Adrien Atiman alizaliwa Afrika ya magharibi, akauzwa mutumwa akiwa mutoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasoma uganga Malta. Tangu mwaka 1889 alikaa Karema, ng'ambo ya Tanganyika, akiwa daktari na katekista, mpaka kufa kwake mwaka 1956. Mutu aliyehesabiwa kati ya mali za wachuuzi alitumia zaidi ya miaka 60 kuponya miili na kufundisha roho.

Neno la bei ni la mwisho. Karafuu leo inauzwa kidogo tu sokoni, na mwanamuke maskini anaweza kuinunua. Hakuna mutu anayekatwa muti wake juu yake tena, wala hakuna mutoto wa Manyema anayepelekwa Unguja kuichuma. Lakini madini yanayochimbwa katika inchi yetu leo yanasafiri kama karafuu ilivyosafiri: yanafika mbali, yanasaidia wengi, na anayeyatumia hajui mukono uliyoyatoa. Mukristu anapopokea kitu chema, sherti aulize pia ni nani aliyelipa.